Koti Lililoposa Nguzo

Ukimwuliza Dobi habari za mtu yeyote wa mtaa ule, hakukutajia sura wala kimo. Alifumba macho kidogo, kama anayepekua kabati, kisha akajibu: "Yule wa kola iliyolika upande wa kulia? Amepita sasa hivi, anaelekea sokoni." Kwake mwalimu wa shule ya jirani alikuwa "chaki mfukoni", fundi baiskeli alikuwa "ovaroli", na dada wa duka la dawa alikuwa "koti jeupe, kifungo cha tatu si cha ukoo wake". Sura za watu zilimponyoka. Mama mkwe wake alipomtembelea dukani akiwa na gauni jipya, Dobi alimpokea kwa heshima zote, akamuuliza, "Karibu mama. Za kufua au za pasi tu?" Mama mkwe aliondoka bila kuketi, na kisa hicho bado husimuliwa katika ukoo, kila msimuliaji akikitia chumvi ya kwake.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya sabuni, wanga na mvuke. Nyuma palikuwa na karo na sufuria kubwa ya kutilia nguo rangi. Katikati palikuwa na kaunta, ambapo mkewe alipokea nguo na kushona vifungo vilivyolegea. Mbele kabisa, chini ya dirisha pana la kioo, ilisimama meza ya pasi, na dirisha lilitazamana na kituo cha basi. Sasa, mtu aliyepiga pasi nusu ya umri wake hahitaji macho ili anyooshe shati. Mikono hujiendea yenyewe, kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono ya shati, kama mtu anayerudi nyumbani kwa njia aliyoizoea. Kwa hiyo macho ya Dobi yalibaki hayana ajira, na macho yasiyo na ajira ni mbuzi asiye na kamba: hula popote.

Yalianza kuwala watu wa kituoni. Dobi aliegemeza simu kwenye chupa ya kunyunyizia maji, akawa anawapiga picha na video fupi wanaosubiri basi. Kwanza aliwatumia mashemeji zake peke yao, wakavunjika mbavu. Kisha akafungua ukurasa, akauita Pasi ya Mtaa, na chini ya jina akaandika: "Tunawanyoosha waliokunjamana." Palikuwa na mwanamke aliyelikimbilia basi huku kiatu kimoja kikiwa mkononi, Dobi akaandika, "Mguu mmoja umeshalipa nauli." Palikuwa na bwana mnene aliyekuwa akipigana na mwavuli wake, Dobi akaandika, "Ndoa ikifika hapa, wazee waitwe." Haifai kumdhulumu: kipaji alikuwa nacho. Ukurasa haukuwa na jina lake, lakini hiyo ilikuwa siri ambayo mtaa mzima uliitunza kwa kuitangaza.

Wala hakuwa mtu mbaya. Aliyetaka ushahidi wa hilo aliupata kwake mwenyewe, tena bila kuuomba.

"Mimi nina sheria zangu," alikuwa akisema, pasi ikipumua mkononi. "Namcheka mgeni tu. Mtu ninayemjua, hata atumbukie kwenye karo, simgusi. Na sura sionyeshi. Napiga mgongo. Mgongo hauna aibu."

"Mgongo wa nani hauna aibu?" mkewe aliuliza siku moja, uzi ukiwa kati ya meno.

"Wa mtu nisiyemjua."

"Kwa hiyo aibu inaanza ukishamjua?"

"Mama watoto, hayo ni mambo ya kisheria. Huwezi kuyaelewa ukiwa na uzi mdomoni."

Mtaa, kinyume na mama watoto, uliielewa sheria hiyo vizuri mno. Ikiwa kinga ya kutochekwa ni kufahamiana na Dobi, na ikiwa Dobi humfahamu mtu kwa nguo zake, basi dawa ilikuwa kumpelekea nguo. Wakaanza kumiminika. Mwalimu alileta shati lililotoka kwa Dobi juzi yake, bado na mikunjo ya pasi ileile, akaomba linyooshwe zaidi. Muuza matunda alileta leso. Fundi baiskeli alileta ovaroli ambayo tangu ishonwe haikuwahi kuonana na maji. Ilipoingizwa karoni, maji yakawa uji, na Dobi akakesha akiitafuta rangi yake ya asili. Kila aliyeingia alisimama mbele ya meza ya pasi, akajigeuza taratibu, mbele na nyuma, ili aonekane vizuri.

"Umenishika, fundi?" alisema muuza matunda. "Huu ndio mgongo wangu. Usije ukausahau."

"Siwezi kuusahau, mama. Una mshono wa pembeni unaoomba msaada."

"Basi ushone leo leo."

Dobi aliyahesabu hayo yote kuwa heshima kwa kazi yake. "Unaona watu wanavyoipenda pasi yangu?" alimwambia mkewe.

"Watu hawapendi pasi, baba watoto. Wanaogopa kuungua."

Ikatokea, kwa sababu hiyo, balaa ambalo hakulitarajia: wageni walimwishia. Kila alipochungulia kituoni aliona nguo alizozinyoosha mwenyewe. Ukurasa ukakaa na njaa. Wafuasi wakaanza kumsimanga kwenye maoni, "Pasi imekatika umeme?", na Dobi, aliyekuwa na wafuasi wengi kuliko wateja, akaumia moyoni kama mpishi aliyeambiwa sufuria imemshinda. Akawa anawakwepa watu. Akiona mtu anakuja na salamu, aligeuka upesi, asije akamjua. Mtu mmoja mwenye koti la kuchekesha alimwambia jina lake kabla Dobi hajaziba masikio, na Dobi akalitazama koti hilo likipita, likiwa halimfai tena kwa lolote.

Ndipo asubuhi moja akamwona wa nguzo.

Alikuwa mtu wa makamo, amesimama pembeni ya kituo, mgongo kwa dirisha. Alivaa koti la sufu nzito lenye mirabaraba ya kijani na rangi ya machungwa, limemzidi mabegani hadi mikono yake ilionekana kama imeazimwa. Jicho la Dobi lilipekua kabati lote la mtaa, halikulikuta koti hilo. Mgeni halali! Na mgeni huyo alikuwa akifanya jambo la ajabu: aliikabili nguzo ya umeme, akapiga hatua moja mbele, akainama, akanyoosha mkono kama anayepokea kitu, akatabasamu kwa upande ule wa shavu ulioonekana, kisha akarudi nyuma na kuanza upya. Nguzo haikujibu. Akainama tena.

Dobi aliacha pasi juu ya suruali ya mtu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi aliunguza nguo, na hakujuta. Video ilipopanda ukurasani ilikuwa na maneno haya: "Bwana harusi wa nguzo. Ameposa mara tatu, mahari bado haijatajwa."

Kufikia jioni ilikuwa imeshatoka mikononi mwake. Watu wa miji mingine waliisambaza, wakaitia muziki, wakaivika nguzo shela. Makondakta wa mabasi waliikariri. Dobi alikula chakula cha jioni kwa mkono mmoja, simu ikiwa katika wa pili.

"Unamjua?" mkewe alimuuliza, akiitazama ile video mara moja tu.

"Simjui."

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ningemcheka vipi mtu aliyenikosea? Hiyo ingekuwa chuki."

Mkewe alimtazama jinsi anavyotazama doa ambalo hajalijua limetokana na nini, kisha akaondoa vyombo.

Hazikupita siku nyingi, koti likaingia dukani.

Halikuingia likiwa limevaliwa. Liliingia likiwa ndani ya mfuko wa plastiki, limeviringishwa kama kitu kilichoibwa, chini ya kwapa la mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa na shati jeupe na kovu dogo kwenye nyusi. Dobi hakumtambua, angemtambuaje? Alikuwa ameutangazia ulimwengu mgongo wa mtu huyu, na uso wake ndio kwanza anauona. Mtu huyo alisalimia vizuri, akauliza hali ya kazi, hali ya nyumbani na hali ya joto la pasi, kisha akalifungua lile furushi juu ya kaunta.

Mkewe Dobi alishusha sindano. Dobi aliendelea kupiga pasi mahali ambapo hapakuwa na nguo.

"Nimeona mmeandika nje kwamba mnatia rangi," alisema mgeni. "Nataka liwe jeusi. Jeusi kabisa, lisionekane kama lilikuwa na mirabaraba."

"Kwa nini, kaka?" aliuliza mke. "Mirabaraba yenyewe imekaa vizuri."

"Dada yangu, koti hili lina jina la mjini. Nikilivaa, watu wananiuliza bibi harusi yuko wapi." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayelipa deni la mwenzake. "Ngoja niwaonyeshe, labda nyinyi hamjaona."

Akatoa simu. Akamsogelea Dobi, akaishika mbele ya macho yake, na kwa kuwa hakuwa amevaa miwani, akasoma kwa kukatakata, neno baada ya neno, kama mtu anayejisomea shtaka lake: "Bwana, harusi, wa nguzo. Ameposa, mara tatu." Akainua macho. "Mahari sikuielewa. Mahari ya nguzo ni nini?"

"Ni… ni mzaha tu," alisema Dobi.

"Ndiyo. Mzaha mzuri. Hata mimi ningecheka, lau nisingekuwa ndani yake."

Kisha akaeleza, maana mke alimwuliza na Dobi hakuthubutu. Maisha yake yote alikuwa mlinzi wa ghala la saruji. Ghala lilifungwa. Hoteli kubwa ya upande wa pili wa mji ilikuwa inatafuta mtu wa kusimama mlangoni apokee wageni, na jamaa mmoja akamwombea nafasi. Walimwita mara ya kwanza, wakamwambia umbo linafaa ila salamu hazifai. Akajizoeze, arudi wiki inayofuata mbele ya meneja mwenyewe.

"Miaka yote hiyo, kazi yangu ilikuwa neno moja: rudi. Mtu akija, namwambia rudi. Sasa wanataka niseme karibu, na ulimi hauijui njia. Nyumbani watoto wananicheka. Kazini sina pa kwenda tena. Nikaona pale kituoni ninapobadilisha basi pana nguzo. Ina kimo cha mtu mrefu, haichoki, haijibu. Nikawa naikaribisha hotelini." Alilipapasa koti. "Na koti hili ndilo pekee. Aliniachia bosi wa ghala. Walisema nije na koti. Lakini meneja ana simu kama watu wengine. Nikiingia na mirabaraba hii, ataniona mimi au atamwona bwana harusi?"

Nje basi lilisimama, likashusha watu, likaondoka.

"Hivi, fundi," mgeni aliendelea, "wewe uko hapa kila siku, na dirisha lako linatazama kulekule. Hukumwona aliyenipiga?"

Hapo ndipo msimuliaji yeyote mwenye kumpenda Dobi angetamani kumkuta akisema kweli. Alisema, "Hapa wanapita watu wengi sana, bwana."

Mkewe alikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, lakini kilikuwa na mama mkwe ndani yake.

Ili apate pa kuweka macho, Dobi alilivuta koti. Na mikono yake, ambayo haikuwahi kusema uongo, ikaanza kulisoma. Sufu halisi, ya zamani, iliyofumwa na watu waliokuwa na subira. Bitana ilikuwa ya hariri ya bandia, isiyoshika rangi hata ukiiapisha. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimetiwa kiraka kwa ndani, mishono midogo ya mkono wa mtu aliyejifunza kushona akiwa lindoni. Dobi alilijua litakalofuata. Koti hili likiingia kwenye sufuria ya rangi inayochemka, sufu itajikunyata, bitana itavimba, na kitakachotoka kitamtosha mwanasesere.

"Hili halitiwi rangi," alisema. "Litaharibika."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kwa kulionyesha rangi kwa mbali."

Mgeni aliinamisha kichwa, akaanza kulikunja. "Basi ahsante, fundi. Yule dobi wa nyuma ya soko aliniambia analiweza. Nilitaka tu kuuliza pengine kwanza."

Dobi wa nyuma ya soko! Mtu ambaye hakuwahi kukataa kazi wala kurudisha nguo nzima! Dobi aliona kwa macho ya moyo lile koti likizamishwa, likikorogwa kwa mti kama ugali, na jambo fulani ndani yake likakatika. Ni lazima ielezwe kama ilivyokuwa, ingawa haimpambi: huruma yake ya kwanza ilikuwa kwa sufu. Ya mtu ilifuata nyuma, ikichechemea.

"Usimpelekee yule," alisema, akalishika koti kwa mikono miwili. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyekupiga. Ile video. Nilikuwa hapa, na simu ilikuwa pale, kwenye chupa."

Mgeni alitazama chupa ya maji. Akatazama dirisha, kituo, na nguzo iliyosimama kule nje bila habari. Akamrudia Dobi, akamtazama kwa muda hadi Dobi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akalazimika kuutazama uso wa mteja badala ya kola yake. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, ulionyolewa kwa uangalifu.

"Nilidhani ni mtoto," alisema mgeni polepole. "Nilikuwa nimeshamsamehe, kwa kuwa ni mtoto. Kumbe una mvi."

"Samahani sana, kaka. Sikukujua. Ningekujua, wallahi nisingefanya."

"Hilo nalisikia. Kwani ulidhani watu usiowajua wanajulikana na nani? Na miti?"

Dobi aliishika simu, akaifuta ile video mbele ya macho ya mgeni. Wote watatu walijua kwamba ni kama kufagia mlangoni upepo ukivuma. Video ilikuwa imeshaingia katika simu za miji ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuifikia.

"Nitakunyooshea bure," alisema Dobi. "Nitapunguza mabega, nitafupisha mikono, litakukaa kama lako. Leo, kesho, siku zote. Wewe sasa ni mtu wangu."

"Hapana," alisema mgeni. "Nitalipa kama mtu yeyote. Nimekusikia sasa hivi: mtu akiwa wako humcheki. Sitaki hiyo. Nataka nisichekwe nikiwa si wako."

Mkewe Dobi aliingiza uzi kwenye sindano bila kuutazama, akasema, "Kaka, amekusikia. Na asiposikia, mimi niko hapa."

Wakalifanyia kazi koti. Mke alifumua mabega, akayarudisha ndani. Dobi alilaza kitambaa chenye unyevu juu ya sufu, akalipitishia pasi kwa adabu ambayo mashati ya mtaa hayakuwahi kuipata. Mirabaraba ikang'aa. Mgeni alipolivaa, likawa koti la mtu mwenye hoteli.

Lakini hakuondoka. Alisimama akichezea kifungo. "Keshokutwa wataniambia nisalimie," alisema. "Bado sijaweza. Na kwa ile nguzo siwezi kurudi tena."

Mke alikata uzi kwa meno. Akamwelekezea mumewe kidole. "Nguzo si hii hapa?"

"Mama watoto!"

"Simama hapo dirishani. Nyooka. Nguzo haina maneno."

Dobi akasimama, mgongo kwa kioo, mikono ubavuni. Mgeni akarudi hadi kwenye kaunta, akavuta pumzi, akapiga hatua, akainama. "Rud…" ulimi ukateleza. Mke akacheka hadi akashika kaunta, na mgeni naye akacheka, kicheko chake mwenyewe safari hii, akaanza upya. "Karibu, bwana. Karibu sana. Safari ilikuwaje?" Akanyoosha mkono kupokea begi lisilokuwepo. "Kidogo zaidi," alisema mke, "usimwinamie kama unamwomba kazi. Mwinamie kama unayo." Akarudia. Nguzo ikapokewa, ikashikiwa mwavuli, ikapelekwa mpaka kwenye karo, ikaonyeshwa chumba, ikarudishwa mlangoni na kupokewa tena.

Kazi aliipata. Hilo lilijulikana baadaye sana, sare ya hoteli ilipoletwa kwenye kaunta ifuliwe, na aliyeileta akalipa pesa kamili, akasubiri chenji yake, akaaga kwa salamu iliyonyooka kuliko suruali. Mwalimu na muuza matunda nao, waliposikia kwamba ukurasa umefungwa, walipunguza kuleta nguo, na ovaroli ya fundi baiskeli ikarejea katika rangi yake ya uzeeni. Dobi alipata hasara ya wateja na wafuasi kwa mwezi mmoja.

Lakini siku ile, wakati mgeni akiikaribisha nguzo kwa mara isiyojulikana ya ngapi, na sauti yake ikianza kuwa na joto, Dobi alihisi kitu nyuma ya shingo. Alitaka kugeuka. "Nguzo haigeuki," mkewe alimwonya. Kioo kilikuwa nyuma yake, na nyuma ya kioo kituo kilijaa watu wa saa ile, watu waliobadilisha basi tu, ambao hakuwahi kuwafulia hata soksi. Simu zilikuwa juu.

Simu ya mkewe ikalia juu ya kaunta. Akaichukua, akatazama video aliyotumiwa, akasoma kwa sauti, taratibu, ili kila neno lipate haki yake: "Hatimaye nguzo imekubali."

Dobi alifumba macho. "Nimeonekana?"

"Tulia, baba watoto," alisema mkewe, akirudi kwenye kifungo chake. "Ni mgongo tu."